Msuka Kamba Asifungwe kwa Kamba Yake

Katika vikao vyetu vya kuwasikiliza watu wa Nachingwea na Ruangwa tumezoea kuletewa habari za mashamba: mipaka ya ardhi, bei ya korosho, mifugo iliyoingia katika ufuta, dawa ya mikorosho iliyochelewa kufika. Safari hii tuliletewa jambo jingine. Kijana mmoja alisimama, akainua mkono wake wa kulia uliokosa ncha za vidole viwili, akasema kwamba kwa miaka minne alikuwa akiendesha mashine za kusuka kamba katika kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam. Siku alipoumia alipelekwa kufungwa jeraha, akapewa nauli ya basi, akaambiwa apumzike kwao. Hakuitwa tena. Hakuwa na mkataba wala cheti, na jina lake halikuandikwa mahali popote isipokuwa katika daftari la vibarua la msimamizi wa zamu.

Baada yake alisimama bibi mmoja, msukaji wa mikeka. Alimwambia: "Pole, mjukuu wangu. Mimi ninasuka tangu nikiwa kigori, na hadi leo hakuna aliyeniita fundi. Wewe angalau uliwahi kuitwa." Watu walicheka, kisha wakanyamaza kwa muda mrefu.

Tumeandika ukurasa huu kwa ajili ya ukimya ule. Kijana na bibi yule walidhani wanazungumza mambo mawili. Sisi tunaona ni jambo moja: kazi ya kusuka, inayohitaji akili, macho na subira, lakini haihesabiwi kuwa ufundi pale malipo yanapopangwa.

KAZI YENYEWE

Huwezi kuitetea kazi usiyoielewa. Kwa hiyo tuieleze kwanza. Tutaje njia tatu za kuunganisha nyuzi. Kusokota ni kuzizungusha nyuzi upande mmoja hadi zishikane. Kufuma ni kupitisha mshindio katikati ya mtande, kama ifanyikavyo kwa khanga na mashuka. Kusuka ni kuzipeleka nyuzi zote mshazari, kila uzi ukipita juu ya mwenzake na kisha chini ya mwingine, bila hata mmoja kusimama. Kamba iliyosukwa haijizungushi inapobeba mzigo, kama ifanyavyo kamba iliyosokotwa, na uzi mmoja ukikatika mingine huendelea kushikana.

Bibi wa Ruangwa hufanya hayo kwa vidole. Huchuma miyaa au ukindu ungali mchanga, huuanika juani hadi ugeuke mweupe, huuchana kwa upana ulio sawa, na sehemu nyingine huichemsha pamoja na rangi. Kisha husuka ukili, utepe mrefu ambao huupima kwa pima za mikono yake. Ukili ukitosha huushona ubavu kwa ubavu hadi upatikane mkeka, au huuzungusha hadi upatikane kikapu. Akikosea hesabu ya nyuzi mwanzoni, pambo lote hupotoka. Hana karatasi ya mchoro. Mchoro umo kichwani mwake. Vivyo hivyo kwa wazee wasukao kamba za vitanda, vile tulivyovizoea kwa jina la "teremka tukaze".

Mashine hufanya jambo lile lile kwa chuma. Juu ya meza yake kuna njia mbili zinazopindana kama tarakimu nane nyingi zilizoshikana mikono. Katika njia hizo hutembea vishikio, kila kimoja kikibeba bobini yake ya uzi. Nusu ya vishikio huenda mkono wa kulia na nusu mkono wa kushoto, vikipokezanwa na gia zilizo chini ya meza. Vinapopishana, nyuzi husukana, na kamba hupanda katikati ikivutwa na magurudumu. Mashine nyingine ina vishikio kumi na sita, nyingine thelathini na viwili au zaidi. Hapo hutoka kamba za viatu, kamba za kaptula, tambi za majiko ya mafuta ya taa na kamba za wavuvi.

Fundi wa mashine hiyo hafanyi kazi ya kubonyeza kitufe tu. Hupanga mkazo wa kila uzi, kwa maana uzi mmoja ukilegea kamba huota kinundu, na ukikaza kupita kiasi kamba hupinda. Hubadilisha gia za kuvutia ili kamba iwe nzito au nyepesi kadiri ya agizo. Hutambua kwa sikio kishikio kilichoanza kulika. Uzi ukikatika, kitufyatuo huanguka na mashine husimama. Naye hutakiwa aunganishe kwa fundo dogo lisiloonekana na kuiwasha tena. Akifanya haya kwenye mashine kumi au zaidi kwa zamu moja, kelele za vyuma zikiwa masikioni na vumbi la nyuzi kifuani, tunawezaje kumwita "kibarua asiye na ujuzi"?

Kijana wetu aliumia alipokuwa akifuta vumbi la nyuzi chini ya vishikio mashine ikiwa inazunguka. Tulimwuliza kwa nini hakuizima. Alijibu kwamba zamu ilidaiwa idadi fulani ya mita, na kila dakika ya kuzima mashine ilikatwa katika malipo yake. Jibu hilo linaonyesha kwamba ajali haikuanzia kwenye gia. Ilianzia kwenye namna ya kulipa.

KUSINI NA NYUZI ZAKE

Watu wa kusini wana historia ndefu na nyuzi, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya uchungu. Mwaka 1905, katika milima ya Umatumbi, watu waliong'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuyalima, na huo ukawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji vilivyoenea hadi huku kwetu na kuacha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Watu wale hawakuichukia pamba kwa kuwa ni pamba. Walichukia kulima shamba la mwingine kwa malipo yasiyofaa huku mashamba yao yakiota magugu. Baadaye, kwa miaka mingi, kilimo cha pamba kilipigwa marufuku kusini ili funza mwekundu asienee kwenda katika mikoa mingine. Kwa hiyo viwanda vikubwa vya nguo vilivyojengwa baada ya Uhuru, kama Urafiki ya Dar es Salaam na Mwatex ya Mwanza, viliinuka mbali nasi.

Katani nayo ililetwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, miche michache tu ikiwa imenusurika safari ya baharini. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kabisa wa katani duniani. Mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000. Mashamba yalikuwapo hata katika pwani ya Lindi. Lakini sehemu kubwa ya nyuzi hizo iliuzwa nje ikiwa singa, ikasukwa na kusokotwa na watu wa nchi nyingine. Zilipokuja kamba za plastiki, bei ilianguka, na wakataji mkonge wakawa wa kwanza kubaki bila kazi.

Na hapa Nachingwea penyewe tuliwahi kuona mashine nyingi kuliko watu waliofunzwa kuzitumia. Ule Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulileta matrekta, ukajenga reli kutoka Mtwara, ukameza fedha za Waingereza zaidi ya pauni milioni 35, na mwaka 1951 ukaachwa. Reli ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Baadaye tuliona kiwanda cha kubangua korosho kikijengwa hapa Nachingwea kwa mikopo, kama vingine vilivyojengwa kusini katika miaka ya 1970 na 1980, na korosho zikaendelea kusafirishwa ghafi kwenda India.

Hatuyasemi haya ili kuwavunja watu moyo. Tunayasema kwa sababu yana fundisho moja. Mara zote mashine ilifikiriwa kwanza, na mtu akafikiriwa mwisho. Wahenga walisema: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ujuzi uliokomaa katika mikono ya watu una nguvu kuliko kifaa kipya kilichotua jana.

MFANO KUTOKA MBALI

Mtu aweza kuuliza: je, kusuka kwaweza kulisha mji? Kumewahi. Mashine ya kusuka ilipewa hataza Uingereza mwaka 1748, Thomas Walford wa Manchester akiwa mwenye hataza hiyo. Lakini mji uliojipatia jina kwa kazi hiyo ni Barmen, katika bonde la mto Wupper huko Ujerumani, ambao leo ni sehemu ya Wuppertal. Watu wa bonde hilo hawakuwa na pamba. Walikuwa wakulima walioanza kwa kupausha nyuzi kando ya mto, na mwaka 1527 walipata idhini maalumu ya kufanya kazi hiyo. Kutoka nyuzi walikwenda kwenye tepe, kutoka tepe kwenye kamba za viatu na mapambo ya kusuka, hadi bidhaa za aina hiyo zikajulikana katika biashara kwa jina la mji wao.

Basi sisi wenye malighafi mkononi tusione aibu kuota ndoto kama hiyo. Lakini tusiisome habari ya Barmen nusu. Friedrich Engels, aliyezaliwa huko mwaka 1820 katika familia yenye kiwanda, aliandika mwaka 1839 juu ya taabu za wafanyakazi wa bonde lile: vyumba vyenye moshi na vumbi, watoto walioingizwa kiwandani badala ya shule, wazazi waliozama katika pombe. Mji ulitajirika, na waliousukia utajiri huo wakachakaa. Miaka mingi ilipita, pamoja na migomo, vyama vya wafanyakazi na sheria, kabla hali haijabadilika. Mwaka 1891 Papa Leo wa 13, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba makubaliano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu mwenye njaa amekubali. Sisi hatulazimiki kupita njia ile yote ili tufike. Sheria ambazo wao walizipigania kwa muda mrefu, sisi tunazo tayari.

SHERIA TUNAZO

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na kazi ya usiku iongezewe angalau asilimia 5. Mfanyakazi apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake na ujira wake. Mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri aweke kinga kwenye mashine zenye hatari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko unaomlipa aliyeumia kazini, na anayeuchangia ni mwajiri, si mfanyakazi.

Kwa hiyo kijana wetu hakustahili nauli ya basi. Alistahili matibabu, taarifa ya ajali yake kupelekwa kwenye Mfuko, na fidia ya vidole alivyopoteza. Alipoachishwa alikuwa na haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko ya kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Siku hizo zilipita akiwa kitandani kwao, hajui kwamba kuna mahali pa kwenda. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu hapa ni kutokujua.

WANAOTUPINGA

Tumekwisha kusikia hoja za upande wa pili, nasi tunaziheshimu. Mwenye kiwanda mmoja alituambia kwamba kamba zinazoingia kutoka nje ni rahisi mno, umeme hukatika, na akimwandikia kila kibarua mkataba atafunga milango. Je, huyo kijana atakuwa amefaidika nini? Ni swali la haki. Nasi tunajibu kwamba mashine isiyo na kinga nayo ina gharama, na gharama hiyo haipotei. Imehamishwa tu kutoka kwenye hesabu za kiwanda na kuwekwa juu ya mama wa kijana huko Ruangwa, anayemlisha mtu mzima asiyeweza kushika jembe sawasawa. Kama kamba haiwezi kuuzwa bila vidole vya msukaji kuwa sehemu ya bei, basi bei hiyo ni ya uongo. Na kama bidhaa za nje zinaua viwanda vyetu, mwajiri na mfanyakazi waende pamoja kuidai serikali iwalinde. Mmoja asijilinde kwa kumtoa mwenzake kafara.

Wengine husema kwamba mikeka ni kazi ya mapumziko ya akina mama, wala haifai kuhesabiwa. Tulikaa na yule bibi tukahesabu siku zake: za kuchuma, za kuanika, za rangi, za ukili, za kushona. Bei aliyolipwa na mchuuzi haikufikia malipo ambayo angepata kwa kupalilia shamba la mtu siku hizo hizo. Mkeka huo huo huuzwa mjini kwa bei nyingine kabisa. Hayo si mapumziko. Ni kazi isiyolipwa.

Tukumbuke pia kwamba nafasi ilikuwapo. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kwa muda vikapu vya ukili vikarudi mikononi mwa watu. Lakini hatukuwa tumejipanga. Mifuko mbadala ya kiwandani ikajaza soko kabla wasukaji wetu hawajapata hata mahali pa pamoja pa kukusanyia kazi yao.

TUNAPENDEKEZA

Kwanza, ujuzi utambuliwe. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo uwafikie waendesha mashine za kusuka na wasukaji wa mikono pia. Cheti hakisuki kamba, lakini humpa msukaji kauli mbele ya mwajiri na mbele ya benki.

Pili, wasukaji wauze kwa pamoja. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wanacho chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, na wamezoea kuuza korosho na ufuta kwa mnada. Tunajua mnada una kasoro zake, nasi tumezisema mara nyingi. Lakini mkulima anayeijua bei ya siku ana nguvu kuliko bibi anayengoja mchuuzi mlangoni. Kwa nini ukili usiwe na ghala lake, vipimo vyake na bei yake inayotangazwa?

Tatu, kijana asiondoke kijijini gizani. Kabla hajapanda basi kwenda Dar es Salaam, ajue mambo manne: adai mkataba wa maandishi, aulize kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia, ajiunge na chama cha wafanyakazi kama TUICO, na asitie mkono katika mashine inayozunguka kwa amri ya mtu yeyote. Mambo haya yafundishwe shuleni, kanisani, msikitini na katika mikutano ya vijiji.

Nne, mkindu na mkoche vitunzwe. Tunakata matawi machanga bila kuacha, tunachoma misitu kwa ajili ya mashamba mapya, kisha tunashangaa akina mama wakitembea mbali zaidi kila mwaka. Halmashauri za vijiji zinaweza kutenga maeneo na kuweka zamu za kuchuma.

Tano, kiwanda kikija, tuulize maswali mapema. Ruangwa sasa inasikia habari za madini ya kinywe, na kesho huenda ikasikia habari za kiwanda. Tusikikatae. Lakini tuulize: nani atafunzwa? Nani ataandikwa kazi? Kinga za mashine ziko wapi? Mashine ije ikiwa na nafasi ya mtu iliyokwisha kuandaliwa.

Ndugu wasomaji, kijana yule sasa anajifunza tena kusuka, kwa mkono wenye vidole pungufu, akiwa amekaa karibu na yule bibi. Anasema vidole vilivyobaki vinakumbuka mkazo wa uzi. Bibi naye amemwuliza habari za vishikio na bobini, akasema kwamba mashine ile, kumbe, inasuka ukili wa duara. Wawili hawa wamekwisha kutambuana kuwa mafundi. Waliobaki nyuma ni sisi na wale wanaowalipa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaofanya kazi ya ufundi bila kuitwa mafundi? Malipo yao yanapangwa na nani?

2. Je, tunamjua mtu aliyeumia kazini akarudi nyumbani bila fidia? Ni nani kati yetu awezaye kumsaidia kuandika madai yake?

3. Wasukaji wetu wa mikeka wanahitaji nini kwanza ili wauze pamoja: ghala, vipimo, fedha za kuanzia au uaminifu kati yao? Tuanze na lipi mwezi huu?